Mhandisi wa televisheni aliyeipa kompyuta macho

Mwaka 1958 Kunihiko Fukushima alihitimu uhandisi wa elektroniki katika Chuo Kikuu cha Kyoto, akaajiriwa na NHK, shirika la utangazaji la Japani. Alikuwa na umri wa miaka 22. Kazi yake ya mwanzo ilihusu namna ya kubana mawimbi ya televisheni ili picha isafiri bila kubeba mzigo usio wa lazima. Lakini huwezi kubana picha vizuri kama hujui jicho la mtazamaji linashika nini na linapuuza nini. Swali hilo lilimnasa, na hakuliacha tena. Katikati ya miaka ya 1960 NHK iliunda kundi la utafiti wa kuona na kusikia, ambamo wahandisi walikaa pamoja na wanasaikolojia na wataalamu wa neva. Fukushima akawa mmoja wao.

Jibu la sehemu ya swali lake lilikuwa limeshaanza kupatikana Marekani. Mwaka uleule wa 1958, David Hubel na Torsten Wiesel walikuwa wamejifungia katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na paka aliyepigwa dawa ya usingizi. Walichomeka waya mwembamba kwenye sehemu ya ubongo wake inayoshughulikia kuona, wakawa wanamwonyesha vipande vya kioo vyenye nukta. Kwa saa kadhaa seli waliyokuwa wakiisikiliza haikujali chochote. Ghafla, walipokuwa wakiingiza kioo kwenye projekta, spika ikatatarika kama bunduki ya rashasha. Nukta haikuhusika kabisa. Seli iliamshwa na kivuli chembamba cha ukingo wa kioo, mstari ulioinama kwa pembe fulani, ukipita mbele ya macho ya paka.

Kutokana na tukio hilo na kazi ndefu iliyofuata, wawili hao walieleza aina mbili za seli. Seli sahili huchangamka zikiona mstari wa pembe fulani mahali fulani. Seli changamano huutambua mstari huohuo hata ukisogea kidogo. Mwaka 1981 walipata Tuzo ya Nobel.

Fukushima alisoma maandishi yao kama fundi anayesoma mchoro wa mashine. Mwaka 1969 alichapisha mtandao wa tabaka uliotafuta mistari ndani ya picha, na ndani yake aliweka kanuni nyepesi sana: jumla inayoingia kwenye seli ikiwa chini ya sifuri, seli itoe sifuri, ikizidi sifuri, iipitishe kama ilivyo. Mwaka 1975 akatoa kognitroni, mtandao uliojifunza wenyewe bila mwalimu. Ulikuwa na kasoro moja kubwa. Herufi ikisogezwa pembeni kidogo, kwake ilikuwa herufi nyingine.

Miaka michache baadaye alipata dawa ya kasoro hiyo, na mwaka 1980 neokognitroni ikachapishwa kwa Kiingereza katika jarida la Biological Cybernetics. Ubao wake wa kuonea ulikuwa na nukta 16 kwa 16, yaani 256 tu. Chukua tarakimu 2 iliyochorwa humo. Tabaka la kwanza haliioni 2. Linaona vipande vya mistari, huku kimelala, kule kimeinama, na kila seli ya kundi moja huuliza swali lilelile katika sehemu yake ya picha. Tabaka linalofuata hulegeza masharti: mstari upo, hata kama haupo palepale. Jozi hiyo ya tabaka inarudiwa, vipande vinaungana kuwa pembe, pembe zinakuwa mkunjo na mguu, mpaka mwishoni seli moja inaitikia 2 popote ilipokaa, hata ikiwa imepindapinda kidogo. Mtandao wenye tabaka zinazopokezana hivyo ulikuja kuwa uti wa mgongo wa taaluma ya kuifundisha kompyuta kuona kwa miaka mingi.

Kompyuta za wakati huo hazikuwa na nguvu ya kuifikisha kazi hiyo mbali. Mwaka 1989 Yann LeCun na wenzake wa Bell Labs, Marekani, walitumia muundo wa ukoo huohuo, wakaongeza mbinu ya kuufundisha mtandao kwa kuurudishia makosa yake, nao ukasoma namba za posta zilizoandikwa kwa mkono kwenye bahasha. Mwaka 2012 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto walishinda shindano la ImageNet, lenye aina 1,000 za vitu, kwa kiwango cha makosa cha asilimia 15.3, wakati aliyewafuata alikuwa na 26.2. Mtandao wao ulikuwa wa ukoo huohuo, na seli zake za ndani zilifuata kanuni ileile ya Fukushima ya 1969.

Wengi huanza kusimulia historia hii kutoka 2012, na huko ni kumdhulumu mzee. LeCun mwenyewe amekiri waziwazi deni lake kwa Fukushima. Heshima kubwa ya Marekani, Tuzo ya Bower ya Franklin Institute ya Philadelphia, ilimfikia mwaka 2021, akiwa na miaka 85. Alikuwa ameondoka NHK tangu 1989 kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Osaka, na hata baada ya miaka ya ualimu kwisha aliendelea kuchapisha maboresho ya neokognitroni.

Kazi yake imefika pia kwenye mashamba yetu. Nje ya Bagamoyo, katika mashamba ya majaribio ya taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, watafiti walipiga picha 2,756 za majani ya muhogo kwa kamera ya kawaida. Mwaka 2017 walieleza jinsi walivyoufundisha mtandao wa tabaka kutofautisha jani zima na lile lenye batobato au michirizi ya kahawia. Programu ya simu ya PlantVillage Nuru ilizaliwa katika juhudi hizo, na hufanya kazi bila intaneti. Mkulima anaielekeza kamera kwenye jani, na ndani ya simu tabaka za kwanza zinaanza kutafuta mistari.