HDR: kwa nini uso wa bibi hupotea gizani kwenye picha?

Fanya jaribio hili. Saa saba mchana, jua la Bombambili likiwa utosini, mwombe bibi akae kibarazani kwenye kivuli, nyuma yake kukiwa na bati la jirani linalong'aa. Zima HDR kwenye kamera ya simu, piga picha. Utapata moja kati ya mawili: bati linaonekana vizuri lakini uso wa bibi ni giza, au uso unaonekana na nyuma kote kumeungua, kweupe tupu. Sasa washa HDR upige tena. Vyote viwili vipo!

Kumbe simu imefanya nini? Tuanze na tatizo lenyewe. Mwanga wa jua la mchana hufika kama lakisi 100,000, wakati ndani ya chumba cha kawaida ni mia chache tu, au hata pungufu. Macho yako hujirekebisha kila unapogeuka, ndiyo maana huoni shida. Kamera inayopiga picha moja inalazimika kuchagua: ipokee mwanga mwingi au kidogo.

Dawa yake ni ya zamani kuliko umeme majumbani. Miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akipiga picha za bahari. Kemikali za wakati huo ziliunguza mawingu kabla bahari haijatokea. Basi akatumia negativu mbili, moja ya anga na moja ya maji, akazichapa kwenye karatasi moja. Katikati ya karne ya 20, Mmarekani Charles Wyckoff alitengeneza filamu yenye matabaka matatu, kila moja na wepesi wake wa kupokea mwanga, ili kunasa milipuko ya mabomu ya nyuklia. Mwaka 1997, Paul Debevec na Jitendra Malik walionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kukokotoa mwanga halisi wa mandhari kutoka kwenye picha kadhaa. Mwaka 2010 Apple wakaiweka HDR kwenye iPhone 4: picha tatu zinapigwa mfululizo, zinaunganishwa kuwa moja.

Sasa, kwa nini hili lituhusu sisi zaidi? Kwa sababu ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kuliko nyeupe. Mpige picha bwana harusi mweusi karibu na shela jeupe, juani, na tatizo lile lile linajitokeza ndani ya hatua mbili. Kwenye studio, kama Capital Art Studio ambayo Ranchhod Oza aliifungua Zanzibar mwaka 1930, mpiga picha aliweza kupanga taa apendavyo. Nje hana taa ya kupanga.

Filamu za rangi zikaongeza lingine. Kwa miongo kadhaa, maabara zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha "sawa". Uso wako ukitoka kama kivuli chenye meno, kosa halikuwa la uso. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana.

Kwa hiyo HDR imemaliza kazi? Hapana. Inakusanya mwanga wa sehemu zote, lakini bado kuna programu inayoamua uso uwe mweupe kiasi gani, na programu hiyo imeandikwa na watu. Ndiyo maana mwaka 2021 Google walitoa Real Tone kwenye Pixel 6, marekebisho yaliyolenga kamera zionyeshe ngozi nyeusi inavyostahili.

Basi usiiamini HDR kwa kuwa tu picha imeng'aa. Kabla ya harusi au mahafali, jaribu mahali penyewe na saa yenyewe. Tuliza simu ukutani, mtu asitikisike, kwa sababu kinachosogea kati ya picha na picha kinaweza kutokea kama mzimu. Piga mara mbili, HDR ikiwashwa na ikizimwa. Kisha usizilinganishe picha zenyewe kwa zenyewe. Zilinganishe na mtu aliyesimama mbele yako. Kama ngozi imegeuka kijivu, au amekuwa mweupe kuliko alivyo, punguza mwangaza mwenyewe, au mhamishe tu kwenye kivuli ambacho nyuma yake pia ni kivuli.