Mwingiliano wa polima na safaktanti

Mwingiliano wa polima na safaktanti ni namna molekuli za polima zinazoyeyuka katika maji zinavyoshikamana na molekuli za safaktanti ndani ya mmumunyo mmoja. Safaktanti ni dutu zinazopunguza mvutano wa uso wa maji, kwa mfano sabuni. Dutu hizo mbili hutumika pamoja katika shampuu, dawa na rangi za maji. Mwingiliano wake huamua kama mmumunyo utakuwa mwangavu, utakuwa mzito au utatoa mashapo.

Miseli

Molekuli ya safaktanti ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakwepa. Ukolezi ukifikia kiwango fulani, molekuli hujikusanya kuwa miseli, yaani vifundo vidogo vyenye mikia ndani na vichwa nje. Kwa sodiamu dodesili salfati (SDS) kiwango hicho ni takriban milimoli 8 kwa lita katika nyuzijoto 25.

Polima zisizo na chaji

Kukiwa na polima ya ethilini oksidi, SDS huanza kujikusanya mapema zaidi, kwenye milimoli 4 hadi 5 hivi kwa lita. Miseli hujipanga kwenye mnyororo wa polima kama shanga kwenye uzi. Sehemu za polima hufunika mahali ambapo mikia ingegusana na maji, hivyo miseli hutengemaa. Kwa kuwa miseli hizo husukumana, mnyororo hunyooka na mnato wa mmumunyo huongezeka. Polima ikishajaa, SDS inayoongezwa huunda miseli huru. Mwaka 1967 M. N. Jones alieleza viwango hivyo viwili, cha mwanzo wa kushikamana na cha kujaa kwa polima.

Polima zenye chaji

Polima na safaktanti zenye chaji zinazopingana huvutana kwa nguvu, hata ukolezi wa safaktanti ukiwa mdogo sana. Chaji zikikaribia kulingana, mchanganyiko hujitenga na maji. Safaktanti ikizidi, mara nyingi huyeyuka tena.

Tabia hiyo hutumika katika shampuu zenye selulosi ya chaji chanya. Ndani ya chupa safaktanti ni nyingi, kwa hiyo shampuu hubaki angavu. Wakati wa kusuuza, maji huipunguza safaktanti. Mchanganyiko hujitenga na kubaki juu ya nywele, ambazo zina chaji hasi, na kuzilainisha.