Ngano ya Basotu na Ugomvi wa Mataifa Makubwa



Methali isemayo kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia tumezoea kuitumia kwa mfano tu. Hapa Hanang ilitimia neno kwa neno, kwani zilizoumia zilikuwa nyasi zenyewe, nyasi za tambarare ya Basotu. Juma hili napenda tuitazame historia hiyo, maana vijana wetu wengi huyaona mashamba yale ya ngano wasijue yalitokana na nini.

Haikuwa mara ya kwanza kwa ugomvi wa wakubwa kutufikia. Mwezi Aprili 1916 wapanda farasi wa Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini walipita Ufiomi, jirani na Babati ya leo, wakiwasukuma Wajerumani hadi Kondoa. Farasi wao wengi walikufa kwa maradhi, na vita vikasonga kusini. Ugomvi wa pili ulikuja bila bunduki, nao ukakaa.

Tuanzie mwaka 1964. Tanganyika na Zanzibar zilipoungana tarehe 26 Aprili, Zanzibar ilikuwa imekwisha kuitambua Ujerumani ya Mashariki. Ujerumani ya Magharibi haikutaka kusikia habari za nchi yoyote inayomtambua ndugu yake huyo. Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya katikati. Haikutosha, na mapema mwaka 1965 Wajerumani wa Magharibi wakaondoa msaada wao wa kijeshi. Mwalimu akawajibu kwamba, ikiwa ni hivyo, waondoe na misaada mingine ya serikali yao. Desemba mwaka huohuo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiliwa. Kwa upande wa pili China ilikuwa inakaribia: mkataba wa reli ya TAZARA ulitiwa saini Beijing mwaka 1967.

Katika pengo hilo aliingia Kanada. Alikuwa mwanachama wa NATO, lakini hakuwa na koloni Afrika, kwa hiyo alipokelewa bila kinyongo. Tangu 1965 hadi 1970 maofisa wake walisaidia kulifundisha jeshi letu. Naamini wakubwa wa Magharibi hawakuchukia kuona mmoja wao angalau akibaki Dar es Salaam. Na Kanada alipokuja kwenye kilimo, alileta alichokijua kuliko vyote, yaani ngano. Kwa macho ya mtaalamu wa Saskatchewan, Hanang ilikuwa kama nyumbani: tambarare pana, udongo mzuri, na kwa fikra zake, hapakuwa na mtu.

Kuanzia mwaka 1970 hivi, Kanada na shirika la umma NAFCO walipanua kilimo hicho mpaka yakawa mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret, jumla ya ekari zipatazo 100,000. Matrekta makubwa na mashine za kuvunia zilitoka Kanada, na sehemu kubwa ya fedha za msaada ikarudi hukohuko kuzinunua. Haki isemwe: ngano ilipatikana kwa wingi, na miji yetu ilikula mkate wa Hanang.

Lakini watu walikuwepo. Mfugaji wa Kibarbaig hakai mahali pamoja mwaka mzima. Huwapeleka ng'ombe mahali kwa mahali kwa kufuata majira, na nyasi za tambarare zilikuwa ndizo bora kuliko zote wakati wa mvua. Ukiondoa kipande hicho, sehemu nyingine huchungwa muda mrefu kupita uwezo wake, nayo huchakaa. Mtaalamu aliona ardhi tupu kwa sababu alifika wakati ng'ombe wako kwingine! Yalikuwepo pia makaburi ya wazee, vichuguu vya heshima viitwavyo bung'eda, ambavyo ujenzi wake huchukua miezi. Baadhi vililimwa kwa trekta.

Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 waliishtaki NAFCO katika Mahakama Kuu, Arusha, nao wakashinda. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 1985: kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile, na wadai hawakuthibitisha wote kwamba ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya mwaka 1923. Sheria ya mkoloni, miaka zaidi ya 20 baada ya Uhuru! Mwaka 1987 amri ya serikali ikafuta haki za kimila katika ardhi ya mashamba hayo.

Tarehe 3 Oktoba 1990 Wajerumani waliogombana juu yetu wakawa taifa moja. Miaka michache baadaye Wakanada nao wakafunga mradi. Mitambo ilichakaa, NAFCO ikavunjwa, mashamba mengine yakaenda kwa wawekezaji na mengine yakagawiwa wananchi.

Kisha tarehe 24 Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, nchi mbili ziuzazo ngano nyingi duniani. Tanzania huagiza nje sehemu kubwa ya ngano yake, na bei ikapanda. Serikali ikahimiza upya kilimo cha ngano nchini, na jina la Hanang likarudi midomoni mwa viongozi.