Adhabu ya kuchelewesha ritani za kodi za kampuni (Tanzania)

Tozo anayotozwa mlipakodi asiyewasilisha ritani kwa wakati, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015. Inatozwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kampuni iliyopo Mwankoko, kata ya Manispaa ya Singida, inabanwa nayo sawasawa na ile ya Dar es Salaam.

Ritani ya mapato hudaiwa ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa hesabu kuisha. Anayefunga hesabu 31 Desemba ana mpaka 30 Juni, na hesabu lazima zipitie kwa mhasibu mwenye CPA. Makadirio ya kodi hutangulia, mwisho wake 31 Machi ndani ya mwaka wenyewe wa hesabu.

Kwa kila mwezi, au sehemu ya mwezi, kampuni hutozwa kiasi kilicho kikubwa kati ya viwili: asilimia 2.5 ya kodi ambayo haijalipwa, au pointi 15 za sarafu, yaani shilingi 300,000 tangu pointi moja ilipopandishwa kutoka shilingi 15,000 hadi 20,000. Asilimia huanza kuuma deni likivuka milioni 12. Chini ya hapo ni kima cha chini tu, na hapo ndipo wadogo huumia: kampuni ya kukamua alizeti iliyopata hasara, isiyodaiwa hata senti, ikipeleka ritani 10 Septemba hudaiwa 900,000, kwa kuwa siku 10 za Septemba huhesabiwa mwezi mzima.

Riba ya kodi iliyocheleweshwa ni deni jingine. Ada ya taarifa za mwaka ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) nayo ni mbali.