Chaki ya Profesa Abramson

Norman Abramson alifariki San Francisco Desemba 1, 2020, akiwa na miaka 88, na huku kwetu msiba huo ulipita kimya. Haikustahili. Simu ya mkononi inapouomba mnara nafasi, hata kwa kutuma pesa tu, hutumia wazo lililotokana na kazi yake.

Wazo hilo lilizaliwa Chuo Kikuu cha Hawaii. Kompyuta kubwa ilikuwa Honolulu, matawi ya chuo yametapakaa visiwani, na laini za simu zilikuwa ghali na mbovu. Juni 1971 mtandao wa ALOHA, ulioongozwa na Abramson, ukaanza kurusha pakiti za data kwa redio, vituo vyote vikitumia masafa yale yale kuifikia kompyuta. Hakuna aliyegawa zamu. Kituo chenye ujumbe kilituma; kisipojibiwa kwamba umepokelewa, kilingoja muda wa kubahatisha, kikarudia. Kwa mtindo huo pakiti hugongana, na chaneli haibebi zaidi ya asilimia 18 ya uwezo wake. Lawrence Roberts akaja na dawa mwaka 1972: kila anayetuma aanze mwanzoni mwa kipande cha muda kilichopangwa. Ikawa asilimia 37.

Roberts huyo ndiye aliyesimamia ARPANET, mtandao wa kompyuta wa wizara ya ulinzi ya Marekani, kutoka Washington. Abramson amesimulia mwenyewe kwamba siku moja mwaka huo alikuwa ofisini kwa Roberts, mwenyeji akaitwa nje mara moja. Ubaoni kulikuwa na orodha ya mahali patakapofungwa mashine za ARPANET, pamoja na tarehe. Abramson akachukua chaki, akaongeza ALOHA, akaandika Desemba 17, tarehe iliyomjia tu kichwani. Roberts akarudi, mazungumzo yakawa marefu, suala hilo halikufikiwa, na Abramson akasahau. Wiki kama mbili kabla ya tarehe hiyo simu ikalia Hawaii: mafundi wanataka waandaliwe mahali. Desemba 17 mashine ikafungwa, na visiwa vikaunganishwa na bara kwa setilaiti.

Zikafuata redio zinazohamahama, zilizojaribiwa kwa fedha za wizara hiyo karibu na San Francisco, hata ndani ya gari. Mwaka 1975 Fouad Tobagi na Leonard Kleinrock walionyesha kwamba kusikiliza kama chaneli iko wazi kabla ya kutuma, ili pakiti zisigongane, hakutoshi: redio mbili zilizotengwa na mlima hazisikiani, kila moja hudhani hewa iko tupu, na pakiti zao hugongana kwa mpokeaji aliye kati. Mwaka 1990 Phil Karn akapendekeza mtumaji aombe ruhusa kwanza, na jibu lisikike kwa wote wanaomzunguka mpokeaji. Kanuni za Wi-Fi za 1997 zikaweka njia ya namna hiyo.

Mhadhiri anayefundisha asilimia zile 18 na 37 Dar es Salaam au Nairobi hana budi kuanzia Honolulu, kwenye laini mbovu.