Kasoro Inayotuzwa: Maadili ya Kufuga Paka wa Uso Bapa

Mwishoni mwa 2015 polisi wa London walianza kuchunguza vifo vya paka waliokutwa bila vichwa wala mikia katika mitaa ya Croydon. Magazeti yalimpa mshukiwa asiyejulikana jina kabla hajaonekana: muuaji wa paka wa Croydon. Septemba 2018 polisi walifunga jalada. Paka waligongwa na magari, mbweha wakaitafuna mizoga. Wanapatholojia wa Royal Veterinary College walithibitisha kazi hiyo ya mbweha mwaka 2021. Kisa hiki kina funzo kwa anayechunguza maadili. Hasira zetu humtafuta mkosaji mwenye kisu. Madhara yanayomfika paka kwa mkono wa anayempenda, tena kwa risiti na cheti cha nasaba, hayamkoseshi mtu usingizi.

Nawazungumzia paka wa Kiajemi na jamaa yake mwenye manyoya mafupi, Exotic Shorthair. Mifupa ya nyuso zao imefupishwa kwa vizazi vingi vya kuchagua wazazi, lakini nyama na ngozi hazikupungua kwa kiasi hicho. Matundu ya pua hubana. Mfereji unaopeleka machozi puani hupinda, hivyo machozi hufurika usoni na kuichubua ngozi ya mikunjo. Meno husongamana katika taya lisilo na nafasi, na macho yaliyojitokeza hupata vidonda kwa urahisi. Utafiti wa Farnworth na wenzake, uliochapishwa 2016, ulionyesha kuwa kadiri uso unavyozidi kuwa bapa ndivyo matatizo ya kupumua yanavyoongezeka. Watafiti wa Ujerumani nao wameeleza jinsi mafuvu ya paka wa Kiajemi walio bapa zaidi yanavyouminya ubongo.

Takwimu zisitumike kwa ushabiki. Mwaka 2019 watafiti wa Royal Veterinary College walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za paka wa Kiajemi 3,235 waliohudumiwa katika zahanati za Uingereza. Tatizo lililoongoza lilikuwa la manyoya, asilimia 12.7, likifuatiwa na maradhi ya fizi, asilimia 11.3; kutokwa na uchafu machoni kulikuwa asilimia 5.8. Anayewatetea wafugaji ataishika namba hiyo ya mwisho kwa mikono miwili. Lakini kumbukumbu za zahanati huhesabu kile ambacho mwenye paka amekiona kuwa ni ugonjwa. Anayeamini kwamba kukoroma ni tabia ya aina hiyo ya paka hampeleki paka kwa daktari kwa sababu ya kukoroma. Zaidi ya hapo, uchunguzi wa picha za nyuso za paka uliochapishwa 2020 ulikuta kuwa paka wa baadhi ya aina, wakiwa wametulia tu, wana sura inayofanana na ya paka mwenye maumivu. Uso ambao mwenyewe angeusoma ili ajue paka anateseka umeharibiwa maandishi yake.

Kilomita chache kutoka Croydon, tarehe 13 Julai 1871, mchoraji Harrison Weir aliandaa katika jumba la Crystal Palace maonyesho ya paka yanayohesabiwa kuwa chanzo cha mashindano ya kisasa. Paka wa Kiajemi wa enzi zile walikuwa na manyoya marefu, na walikuwa na pua. Ubapa ni zao la karne ya 20. Leo baraza la wafugaji wa paka wa nasaba la Uingereza, GCCF, lililoundwa 1910, huwanyima tuzo paka wa Kiajemi ambao ukingo wa juu wa pua umepanda kupita ukingo wa chini wa jicho. Ni sharti jema. Ila aina ya paka inayohitaji sheria ya kuizuia pua isipande machoni imeshakwenda mbali mno.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Paka wa Kiajemi walisumbuliwa pia na ugonjwa wa kurithi wa vivimbe vya maji kwenye mafigo. Mwaka 2004 timu ya mwanajenetiki Leslie Lyons ilitambua badiliko la jeni linaloleta ugonjwa huo, kipimo kikapatikana, na wafugaji wengi wakakitumia kuwaondoa wabebaji katika uzalishaji. Kwa hiyo wanajua jinsi ya kusafisha nasaba, na wana nia hiyo pale adui anapokuwa amejificha ndani ya figo. Ubapa hauhitaji kipimo. Unaonekana kwa macho. Haukuondolewa kwa sababu ndio unaouzwa. Wala sisemi nasaba yenyewe ni dhambi. Paka wa Sokoke, waliotoka msitu wa Arabuko-Sokoke katika pwani ya Kenya na kutambuliwa na shirikisho la kimataifa la paka, FIFe, mwaka 1993, wana nasaba iliyoandikwa na bado wana uso wa mwindaji.

Kuna pingamizi zito zaidi, ambalo mwanafalsafa Derek Parfit alilipa sura yake maarufu mwaka 1984. Paka huyu asingezaliwa kama wazazi wake wasingechaguliwa hivyo. Ikiwa maisha yake kwa jumla yana thamani, nani amedhulumiwa? Parfit mwenyewe hakuona kuwa hilo linamsafisha mchaguaji: anayeweza kuleta duniani kiumbe mwenye hali nzuri, akachagua kumleta mwingine mwenye hali mbaya zaidi, amefanya vibaya hata kama hakuna mlalamikaji. Msomaji wa pwani ana njia fupi zaidi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mwanamke aliadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Kosa lina sehemu mbili, na mimi naishika ya pili. Paka wa uso bapa analishwa vizuri, pengine kuliko jirani yake. Kilichofungwa ni uwezo wake mwenyewe wa kuvuta pumzi, kutafuna na kujisafisha, na kifungo hicho kimo ndani ya fuvu lake.

Sheria haifiki huko. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006, ya England na Wales, inakataza mateso yasiyo ya lazima, lakini inatamka wazi kuwa haimhusu mnyama akiwa bado kijusi. Kanuni za England za 2018 zinadai leseni kwa anayezalisha mbwa kibiashara na kukataza kumzalisha mbwa ambaye umbile lake linatarajiwa kumdhuru yeye au watoto wake. Kwa paka hakuna leseni ya uzalishaji wala katazo kama hilo. Uskoti ilianza mwaka 2021 kudai leseni kwa wazalishaji wa paka wanaofikia kiwango fulani cha uzao kwa mwaka, kwa hiyo kisingizio kwamba haiwezekani kiutawala hakina nguvu. Katazo la mbwa lingeweza kupanuliwa limhusu paka bila kuandika sheria mpya.

Aliye na paka wa namna hii tayari hana hatia ya kuwa naye, na aliyemchukua kutoka kituo cha uokoaji ametenda wema. Ampanguse macho kila siku, amtunze manyoya, asimwache apate joto kali wala anenepe. Na amfunge kizazi, hata kama jirani ameshaulizia watoto.