Hofu ya Mtoto Mkubwa

Mwaka 1889 Ludwig Prochownick, daktari wa Hamburg, Ujerumani, alitangaza mlo wa wiki za mwisho za ujauzito kwa wanawake wenye nyonga nyembamba. Nyama, samaki na mayai aliviruhusu. Viazi, sukari, supu na maji alivibana. Alitaka mtoto azaliwe mdogo, apite. Matege ya utotoni yalikuwa yameharibu nyonga za wanawake wengi wa Ulaya, na upasuaji wa kuzalisha wakati ule bado uliwaua wengi.

Katika familia nyingi za Tanzania, bibi au mama mkwe humwonya mjamzito asile sana, mtoto asije akawa mkubwa akashindikana kutoka. Hofu ni ileile ya Hamburg, ila makatazo yamepinduka: mayai aliyoyaachia Prochownick ndiyo yanayokatazwa, eti mtoto atazaliwa hana nywele, na ugali unabaki. Hapo ndipo tofauti inapouma. Mlo wa Mjerumani ulipunguza wanga ukaacha protini. Huu wetu huweza kumnyima mama protini na kumwachia wanga. Hata hivyo siwezi kumwita bibi huyo mjinga. Amewaona wanawake waliokaa na uchungu siku mbili, hospitali ikiwa mbali, na waliopona wakabaki na fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au kinyesi.

Japani ilifika kwenye sahani ndogo kwa njia nyingine. Huko madaktari walihofia zaidi kifafa cha mimba, wakabana ongezeko la kilo. Mwongozo wa 2006 ulimtaka mwanamke wa uzito wa kawaida aongezeke kilo 7 hadi 12. Watoto wanaozaliwa chini ya kilo 2.5 walivuka asilimia 9, kiwango kikubwa kwa nchi tajiri, na mwaka 2021 lengo likapandishwa hadi kilo 10 hadi 13. Marekani nayo, ambako katikati ya karne ya 20 madaktari wengi waliwazuia wajawazito wasiongezeke zaidi ya kilo 9 hivi, tangu 2009 inampa mwanamke wa uzito wa kawaida nyongeza ya kilo 11.5 hadi 16. Kilo zinazopanda ghafla huweza kweli kuashiria kifafa cha mimba, lakini mara nyingi hayo ni maji yanayojaa mwilini kwa sababu ya ugonjwa, na kumpunguzia mama chakula hakuyatibu.

Kwa hiyo kula kidogo kulijibu hatari ya kweli kila mahali, na kulipungua pale hatari ilipopata jibu bora zaidi, au madhara ya kula kidogo yalipoonekana. Hamburg ya leo haihitaji mlo wa Prochownick kwa kuwa upasuaji salama uko karibu. Muuguzi wa kliniki anayemhimiza mjamzito ale mayai na maharage, na ameze vidonge vya madini ya chuma, anasema kweli. Namwomba aongeze jambo moja, tena bibi akiwa amekaa hapo: ni hospitali gani inayopasua, na usiku wa uchungu mama atafikaje huko.